Kidonge cha usingizi kilitangulia, jina la ugonjwa likafuata

Bukavu, Kivu ya Kusini – Mji wa Bukavu unajua tangu zamani kwamba dawa inaweza kuponya na kusumbua kwa wakati mmoja. Hapa ndipo kiwanda cha Pharmakina kimekuwa kikigeuza magamba ya mti wa kwinini kuwa dawa ya malaria, na wazee wengi wa Kadutu, Ibanda na Bagira wanakumbuka jinsi dawa hiyo inavyofanya masikio yalie. Mtu alimeza, masikio yakalia, homa ikashuka. Madhara yalisikika, ndiyo maana kila nyumba iliyajua.

Kuna dawa nyingine ambazo madhara yake mgonjwa mwenyewe hayasikii, kwa sababu yanamfika akiwa amelala. Anayeyasikia ni yule anayelala pembeni yake. Papa anakoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Sekunde kumi zinapita, ishirini, wakati mwingine zaidi. Kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta hewa kwa kishindo, na kukoroma kunaanza upya. Asubuhi hakumbuki chochote. Anasema tu kwamba kichwa kinauma, kwamba amechoka, kwamba siku hizi usingizi wake si mzuri. Na mtu anayesema hivyo, mara nyingi hatua yake ya kwanza ni kwenda farmasi kuomba kidonge cha kumlaza.

Kidonge hicho kina historia yake, na ugonjwa huo una historia yake. Kwa zaidi ya miaka 60 historia hizo mbili zilitembea bila kukutana: dawa za kulaza watu zilikuwa zimeenea duniani kabla madaktari hawajafahamu kwamba kuna watu ambao pumzi yao hukatika kila usiku. Ucheleweshaji huo ulikwisha katika vitabu vya utabibu. Katika miji mingi ya Afrika, Bukavu ikiwa mmoja wao, bado haujaisha.

Ugonjwa huu si malale

Katika Kongo, mtu akisema "ugonjwa wa usingizi", wengi wanafikiria malale, ule unaoletwa na mbung'o, ambao madaktari wa ukoloni waliuwinda kijiji kwa kijiji. Malale ina kijidudu kinachoonekana kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo. Ugonjwa unaozungumziwa hapa hauna mdudu wala kijidudu. Waganga wa kisasa wanauita apnea ya usingizi, na aina yake inayoonekana zaidi ni ile ya kuzibika kwa koo.

Ili kuuelewa, inatosha kufikiria koo lilivyoumbwa. Bomba linalopeleka hewa kwenye mapafu limezungukwa na pete ngumu za gegedu, kwa hiyo haliwezi kujikunja. Lakini juu yake, nyuma ya ulimi, kuna sehemu laini isiyo na kitu kigumu cha kuishikilia. Inabaki wazi kwa kazi ya misuli, hasa ule mkubwa unaovuta ulimi mbele. Mchana misuli hiyo iko macho. Usiku inalegea kwa kila mtu. Kwa wengi nafasi inayobaki inatosha. Kwa mwenye shingo nene, kidevu kifupi, mafindofindo makubwa au mafuta mengi kuzunguka koo, nafasi inakuwa ndogo. Hewa ikipita kwa shida, nyama laini zinatikisika, na hapo ndipo kukoroma kunapotoka. Koo likifunga kabisa, kukoroma kunanyamaza na pumzi inakatika.

Madaktari wanahesabu kituo kimoja pale hewa inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima mwenye dalili, vituo 5 kwa saa vinatosha kuitwa ugonjwa. Vikifika 30 kwa saa, ugonjwa ni mkali. Kila mara oksijeni inashuka, moyo unahangaika, na ubongo unalazimika kumwamsha mtu kidogo, bila yeye kujua, ili misuli irudi kazini. Ndiyo maana mtu anaweza kulala saa nane na kuamka kama mtu aliyekesha. Miaka ikipita, shinikizo la damu, ambalo wengi huliita tansioni, linapanda, na hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi inaongezeka. Mchana anasinzia: ofisini, kanisani, na jambo baya zaidi, kwenye usukani. Kwa shoferi wa lori anayeteremka vilima vya Ngomo kuelekea Uvira, kusinzia kwa sekunde tatu kunatosha.

Vidonge vinatangulia

Historia ya dawa za kulaza ni ndefu kuliko ya ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mjerumani Friedrich Sertürner alitoa mofini kutoka kwenye utomvu wa mmea wa afyuni. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Robiquet alipata kodeini, ambayo baadaye iliingia kwenye vidonge vya maumivu na sharubati za kikohozi duniani kote. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani Emil Fischer na Joseph von Mering walileta Veronal, kidonge cha kwanza cha usingizi cha familia ya babitureti. Mwaka 1912 ikafuata fenobabitali, ambayo hadi leo inawasaidia wagonjwa wengi wa kifafa, hata katika Kivu. Wakati huo mji wa Bukavu ulikuwa bado kituo kidogo cha Wabelgiji kando ya Ziwa Kivu. Haukuwa hata umepata jina la Costermansville.

Hatari ya babitureti haikufichika kwa muda mrefu. Aliyezidisha kipimo alilala na hakuamka, kwa sababu dawa ilizima pumzi. Kwa hiyo makampuni yalitafuta kidonge kitakachotuliza bila kuua. Katika kampuni ya Hoffmann-La Roche, mkemia Leo Sternbach alipata kundi jipya la benzodiazepini. Librium ilianza kuuzwa mwaka 1960, mwaka uleule Kongo ilipopata uhuru. Valium, ambayo jina lake la kitabibu ni diazepamu, ilifuata mwaka 1963.

Sifa kubwa ya Valium ilikuwa usalama wake. Mtu mzima mwenye afya akimeza nyingi peke yake, bila pombe wala dawa nyingine, ni nadra kufa. Madaktari waliipenda kwa sababu hiyo, na hawakukosea: inatuliza degedege, inalegeza misuli iliyokaza, inamtuliza mtu kabla ya upasuaji. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977, diazepamu ilikuwemo. Mwaka huohuo kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani ilianza kuuza tramadoli kwa maumivu, nayo ikasifiwa kwamba ni laini kuliko mofini. Mwaka 1984 Umoja wa Mataifa uliweka diazepamu na ndugu zake chini ya Mkataba wa 1971 wa dawa zinazogusa akili, kwa sababu ya watu kuzizoea. Kuhusu koo la mtu anayekoroma, wakati Valium inaanza kuuzwa hakuna aliyeuliza, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haukuwa na jina.

Jina linachelewa

Dalili zilikuwa zimeonekana. Mwaka 1877 daktari wa London, William Broadbent, aliandika kuhusu watu wanaokoroma halafu kifua kikaendelea kuhangaika bila hewa kuingia. Maandishi yake hayakuleta mabadiliko. Mwaka 1956, huko Marekani, Sidney Burwell na wenzake walieleza habari za mfanyabiashara mnene aliyesinzia mezani akicheza karata, tena akiwa ameshika karata za kushinda. Waliuita ugonjwa huo kwa jina la riwaya ya Charles Dickens, kuhusu Pickwick, yenye kijana mnene anayesinzia kila mahali. Walidhani kinachomlaza mtu mchana ni hewa ya kaboni iliyojaa kwenye damu. Usiku wa mgonjwa hawakuuchunguza.

Jibu lilikuja mwaka 1965, katika miji miwili. Huko Marseille, Ufaransa, Henri Gastaut na wenzake, na huko Freiburg, Ujerumani, Richard Jung na Wolfgang Kuhlo, waliwafunga wagonjwa waya za kupima ubongo na pumzi, wakakesha nao. Waliona kwamba pumzi inakatika mara nyingi usiku kucha na kwamba ubongo unaamka kila mara. Kuchoka kwa mchana kulikuwa kumepata maelezo. Matibabu ya kwanza yaliyofaa yalikuwa makali: kutoboa shingo na kuweka bomba chini ya mahali panapoziba.

Mfaransa Christian Guilleminault, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Stanford, ndiye aliyelisambaza jina la apnea ya usingizi katika miaka ya 1970, akionyesha kwamba hata watu wasio wanene wanaupata. Mwaka 1978 John Remmers na wenzake walionyesha kazi ya msuli wa ulimi: ukilegea, koo linafunga. Na mwaka 1981, huko Sydney, Colin Sullivan alichapisha habari za wagonjwa watano waliolala wamevaa kinyago puani, kinachosukumiwa hewa na mota. Hewa hiyo inalipanua koo kutoka ndani. Wagonjwa waliokuwa wamehukumiwa kutobolewa shingo walilala usiku mzima kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Hesabu ni rahisi. Kutoka Veronal hadi usiku wa Marseille na Freiburg ilipita zaidi ya miaka 60. Katika muda wote huo, mtu aliyemwambia daktari "silali vizuri, naamka nimechoka" aliweza kupewa dawa ya kulaza zaidi, na hakuna aliyekuwa na njia ya kujua kama tatizo lake lilikuwa uhaba wa usingizi au uhaba wa hewa.

Mwaka ambapo historia mbili zilikutana

Mkutano ulikuja mara tu pumzi ya usiku ilipoanza kupimwa. Mwaka 1981 Wallace Mendelson na wenzake, Marekani, walitoa habari za mgonjwa aliyelalamikia kukosa usingizi. Pumzi yake usiku ilikuwa na kasoro ndogo tu. Alipopewa flurazepamu, kidonge cha familia ya Valium, kasoro ndogo ikawa apnea kamili. Mwaka 1982 Ronald Dolly na Jay Block walichapisha kipimo chao kwa watu wasio na malalamiko yoyote: dawa hiyohiyo iliongeza kasoro za pumzi na kushusha oksijeni. Katika miaka hiyohiyo pombe nayo ilipimwa. Sullivan na Faiq Issa walionyesha kwamba mtu anayekoroma tu, akinywa pombe kabla ya kulala, anaweza kupata apnea, na mwenye apnea vituo vyake vinarefuka.

Watafiti walipochunguza misuli, walipata sababu. Dawa hizi zinafanya mambo matatu kwa wakati mmoja. Zinalegeza msuli wa ulimi kuliko zinavyolegeza misuli ya kifua, kwa hiyo kifua kinavuta huku koo likijifunga. Zinaufanya ubongo uchelewe kuhisi kwamba hewa ya kaboni imejaa. Na zinachelewesha kule kushtuka kidogo ambako ndiko kunamrudishia mtu pumzi. Yule anayekoroma anaweza kuonekana amelala kwa utulivu zaidi, na familia ikafurahi, kumbe utulivu huo ni mlinzi aliyelewa.

Sayansi haijasema kwamba kila kidonge cha usingizi kinaua kila mtu anayekoroma. Mwaka 2015 mtandao wa Cochrane ulikusanya majaribio yaliyokuwa yamefanywa kwa wagonjwa wa apnea. Dawa zilizopimwa hazikuonekana kuongeza idadi ya vituo kwa kiwango kikubwa, lakini kadhaa kati yake, flurazepamu ikiwemo, zilishusha oksijeni chini zaidi. Waliopimwa hawakufika 300 kwa jumla, na kwa muda mfupi. Kwa hiyo madaktari wanabaki na tahadhari, hasa pale kipimo kinapokuwa kikubwa, mgonjwa ni mzee au mnene sana, au dawa mbili zinakutana tumboni.

Kundi la mofini lina hatari yake ya pekee. Hilo linapunguza amri yenyewe inayotoka kwenye ubongo. Koo linaweza kuwa wazi, lakini hakuna anayekiambia kifua kivute hewa. Mwenye koo linaloziba akitumia tramadoli, kodeini au mofini kwa wingi, anabeba mizigo miwili kichwani. Mwezi wa Agosti 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo lake kali kuliko yote liandikwe kwenye dawa za kundi hilo na kwenye benzodiazepini: zikitumiwa pamoja, pumzi inaweza kusimama.

Funzo la watoto, na uamuzi wa Ethiopia

Somo chungu kuliko yote lilitoka kwa watoto. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa mara nyingi anakoroma na pumzi kukatika. Mafindofindo hukatwa ili koo lipanuke. Baada ya upasuaji wengi walipewa kodeini kwa maumivu, kwa kipimo cha kawaida. Baadhi yao walifariki usingizini. Uchunguzi ulionyesha kwamba mwili hugeuza kodeini kuwa mofini ndani ya ini, na kuna watu ambao miili yao hufanya kazi hiyo haraka kupita kiasi. Mtoto amepewa kijiko kimoja, mwili wake unapokea kama amepewa vijiko kadhaa, na koo lake bado limevimba.

FDA ilitoa tahadhari mwaka 2012, ikaweka onyo kali mwaka 2013, na mwaka 2017 ikakataza kodeini kwa maumivu na kikohozi, na tramadoli kwa maumivu, kwa watoto walio chini ya miaka 12. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 18 walio wanene au wenye apnea, ilionya zisitumiwe.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wake. Mwaka 1996 Eleni Aklillu, mtafiti mwenye asili ya Ethiopia anayefanya kazi Sweden, alionyesha pamoja na wenzake kwamba karibu Waethiopia 29 kati ya 100 waliopimwa wana mwili wa aina hiyo ya haraka, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na cha Ulaya ya kaskazini. Mwaka 2015 Ethiopia ilipiga marufuku kodeini. Ni mfano wa nchi ya Afrika iliyosoma damu ya watu wake yenyewe kabla ya kufuata karatasi iliyoandikiwa watu wengine.

Ituri, 2014 na 2015: nani anajua kilicho ndani ya kidonge?

Mashariki ya Kongo ilipata funzo la aina nyingine. Kuanzia Desemba 2014, upande wa Ituri, hospitali zilianza kupokea watu, watoto wengi wakiwemo, wenye shingo zilizopinda, nyuso zilizokaza na ulimi uliotoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni uti wa mgongo, yaani menenjaiti. Hadi Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamepita 1,000. Uchunguzi ulionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vya manjano vilivyouzwa kama diazepamu. Ndani hakukuwa na diazepamu. Kulikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, kwa kipimo kikubwa. Mwezi wa Julai 2015 OMS ilitoa tahadhari kwa nchi zote za eneo hili.

Kisa hicho hakikuhusu apnea, lakini kilifunua jambo linalogusa habari hii moja kwa moja. Ili watu zaidi ya 1,000 wapate sumu kupitia kidonge kimoja, ni lazima kidonge hicho kiwe kimekuwa chakula cha kila siku. Watu walikipewa au kukinunua kwa homa, kwa maumivu, kwa mtoto anayelia usiku. Diazepamu ya kweli ingekuwa ndani, hakuna ambaye angeshtuka, na hakuna ambaye angeuliza nani kati ya hao 1,000 anakoroma.

Bukavu haiko mbali na picha hiyo. Kuanzia soko la Kadutu hadi Nyawera na Essence, farmasi ndogo ziko kila kona, na mteja mwenye pesa kidogo ananunua vidonge viwili, vitatu, vilivyokatwa kwenye karatasi ya dawa. Karatasi ya maelezo, yenye onyo kuhusu pumzi, inabaki kwenye sanduku. Na sababu za kutafuta usingizi hazijakosekana katika mji huu. Waliokuwa hapa mwaka 1996, mwaka 1998, Juni 2004 na Februari 2025 wanajua usiku wa risasi ni nini. Waliokuwa hapa Februari 2008 wanajua usiku baada ya tetemeko. Mtu akishindwa kulala kwa hofu, hofu hiyo ni ya kweli na inahitaji msaada. Bukavu ina kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo kwa ajili ya afya ya akili. Lakini kukosa usingizi kwa hofu na kukosa usingizi kwa koo linaloziba vinaelezwa kwa maneno yaleyale mbele ya dirisha la farmasi: "Silali."

Juu ya kidonge kuna chupa. Primus, kasiksi na kanyanga vinalegeza koo kwa njia ileile. Anayekunywa jioni halafu akameza kidonge ili alale "vizuri" anaweka walevi wawili mlangoni pa pumzi yake.

Dawa nyingine za kuangalia, na onyo moja

Orodha haiishii kwa Valium na tramadoli. Dawa za mafua na mzio zinazolaza, kama prometazini, zinaweza kuongeza uzito wa usingizi. Dawa za kulegeza misuli ya mgongo zinalegeza na koo. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinanenepesha, na unene wa shingo unaleta apnea polepole, baada ya miezi au miaka. Dawa za nusukaputi na za maumivu baada ya upasuaji zinahitaji uangalizi wa pekee kwa mtu anayekoroma.

Onyo ni hili: hakuna anayepaswa kusimamisha dawa ya kifafa, ya ugonjwa wa akili au ya maumivu makali kwa sababu ya kusoma habari hii. Kuacha fenobabitali au diazepamu ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuleta degedege na kifo. Kazi ya mgonjwa ni kumwambia daktari kwamba anakoroma. Kupunguza au kubadilisha ni kazi ya daktari.

Maswali manane yasiyohitaji umeme

Kipimo kamili cha apnea kinataka mgonjwa alale usiku mzima amefungwa waya, na vifaa hivyo ni adimu katika Kongo yote. Kinyago cha Sullivan nacho kinataka umeme usiku kucha, na anayeishi Bukavu anajua SNEL inavyokata, ingawa mabwawa ya Ruzizi yako mlangoni petu. Mtu angeweza kusema kwamba ugonjwa huu ni wa nchi tajiri. Koo halijui mpaka.

Mwaka 2008, huko Toronto, daktari wa nusukaputi Frances Chung na wenzake walitoa maswali machache ya kuwauliza wagonjwa kabla ya upasuaji, ambayo yalikamilika yakawa manane. Je, unakoroma kwa sauti ya kusikika nje ya mlango? Je, mchana unachoka au kusinzia? Je, kuna mtu aliyekuona pumzi ikikatika usingizini? Je, una tansioni? Je, wewe ni mnene sana? Je, umepita miaka 50? Je, shingo yako inazidi sentimita 40? Je, wewe ni mwanaume? Jibu la "ndiyo" mara tatu linatosha kumfanya daktari awe macho. Mara tano au zaidi, hatari ni kubwa.

Maswali haya yanahitaji utepe wa fundi cherehani, kipimo cha tansioni, na dakika mbili. Yanaweza kuulizwa katika hospitali kubwa kama Panzi au Hospitali Kuu ya Mkoa, na yanaweza kuulizwa kwenye kituo cha afya cha Bagira. Hata muuzaji wa farmasi anaweza kuanza na lile la kwanza, kabla ya kukata vidonge: "Papa, unakoroma?" Wakati wa kusubiri kipimo, mengine hayagharimu: kulala ubavu badala ya chali, kupunguza uzito, kuacha pombe saa za jioni, kutochanganya vidonge.

Kati ya maswali manane, lile la tatu mgonjwa hawezi kulijibu peke yake. Linajibiwa na mke, mume, mtoto anayelala chumba kimoja, au mwenzake wa lori. Madaktari wa Marseille na Freiburg walihitaji waya na mashine ili kuona kile ambacho wake wengi walikuwa wamekisikia miaka yote bila kuulizwa. Huko Bukavu ushahidi huo upo tayari katika kila nyumba. Anayeusikia usiku aende pamoja na mgonjwa kwa daktari, na aseme alichosikia kabla kidonge hakijaandikwa.